Kaharabu, Umeme na Majina Aliyofundishwa Adamu

Kipande cha kaharabu kina rangi ya asali, na mkononi ni chepesi kuliko macho yanavyokadiria. Hakina ubaridi wa jiwe, na ukikitosa katika maji yaliyokolea chumvi kinaelea. Ni utomvu wa miti iliyoota mamilioni ya miaka kabla ya mtu, ukadondoka, ukafukiwa, ukakauka hata ukawa kito. Mara nyingine ndani yake utamwona mdudu aliyenaswa na miguu yake yote. Kisugue kwa kitambaa cha sufu, kisha kisogeze karibu na makapi makavu. Makapi yanaruka na kukigandama kana kwamba yameitwa. Wagiriki wa kale walikiita kitu hiki elektron, na kwa sababu ya makapi yale redio leo inaitwa chombo cha elektroniki, na simu, na mashine ya kupimia moyo hospitalini. Fundi wa Kariakoo akiifungua simu mezani kwake atakuta shaba, bati, silikoni, gundi na plastiki. Kaharabu hataikuta hata chembe.

Neno limebaki, na kitu kilicholizaa hakimo. Swali ninalotaka kulishughulikia hapa ni la zamani kuliko simu: jina linajua nini juu ya kitu linachokiita? Plato alilitungia mjadala mzima, Kratylo, ambamo mmoja anashikilia kuwa jina sahihi linatokana na asili ya kitu chenyewe, na mwingine anasema majina ni makubaliano ya watu tu, yangeweza kuwa mengine yoyote. Naamini wote wawili wamekosea, na silijui neno linaloonyesha kosa lao vizuri kuliko elektroni. Jina halikijui kitu. Kazi yake ni kukishika, ili wanaokitafuta waendelee kukitafuta kitu kilekile hata pale kila walichokuwa wakikidhania kinapobomoka.

Waumini wa dini zetu kubwa mbili wanalikuta swali hili mapema katika vitabu vyao. Katika sura ya pili ya Mwanzo, Mungu anamletea Adamu wanyama aone atawaitaje, na kila jina alilolitoa Adamu likawa ndilo. Katika Surat al-Baqara, Mwenyezi Mungu anamfundisha Adamu majina yote, kisha anawataka malaika wavitaje vitu hivyo, nao wanakiri kuwa hawana elimu ila ile waliyofunzwa. Visa hivi si kimoja. Katika cha kwanza mtu ndiye anayetoa jina na Muumba anasikiliza. Katika cha pili elimu ya majina inashuka kutoka juu. Katika tafsiri za Kurani imo riwaya inayonasibishwa na Ibn Abbas kwamba Adamu alifundishwa jina la kila kitu, hata la bakuli na kibakuli. Naipenda riwaya hiyo kwa jinsi inavyoliteremsha jambo zito mpaka jikoni. Lakini ikiwa bakuli limo, basi tuna haki ya kuuliza habari za vitu ambavyo Adamu hakuvishika wala kuviona. Elektroni nayo ilikuwamo? Na kama ilikuwamo, mbona wanawe walihangaika miaka zaidi ya elfu mbili kabla ya kuifikia, na walipoifikia wakaipa jina la utomvu?

Mwanzo wa habari uko Mileto, mji wa Wagiriki katika pwani ambayo leo ni ya Uturuki, kwenye karne ya 6 kabla ya Kristo. Aristotle anasimulia kuwa Thales wa Mileto alisema sumaku ina roho kwa sababu inasogeza chuma, na Diogenes Laertius, aliyeandika karne nyingi baadaye, anaitaja kaharabu pia. Maelezo haya hayastahili kuchekwa. Thales aliona kitu kisicho na pumzi kikifanya kazi ya chenye uhai, kikivuta kingine kwa mbali bila mkono, akatumia neno alilokuwa nalo kwa ajili ya kila kinachojongea na kujongeza. Ilikuwa hoja, na hoja nzuri kwa zama zake. Mwaka 1600 daktari wa London, William Gilbert, alichapisha De Magnete kwa Kilatini. Gilbert alikuwa ametengeneza sindano nyepesi ya chuma inayozunguka juu ya ncha, mfano wa sindano ya dira ila haina usumaku, akawa anaisogezea kitu kimoja baada ya kingine alichokisugua: kioo, salfa, lakiri, vito. Sindano ikageuka kuvifuata. Kumbe kaharabu haikuwa na siri ya peke yake. Vitu hivyo vyote akaviita electrica, yaani vyenye tabia ya kaharabu, akaeleza kwamba vinatoa aina ya mvuke mwembamba usioonekana ambao ndio unaovuta. Mwaka 1646 Thomas Browne akaliingiza neno hilo katika Kiingereza kama jina la nguvu yenyewe. Mvuke wa Gilbert ukaja ukatupwa, kama roho ya Thales ilivyotupwa kabla yake. Jina la kaharabu likavuka maziko yote mawili.

Upande wa mashariki neno lilipita njia nyingine kabisa, na njia hiyo inatuhusu. Wagiriki, kwa kadiri wasomi wa lugha wanavyoona, walikitaja kitu kwa sura yake, maana elektron linafanana na neno ambalo kwa Homer huelezea jua ling'aalo. Waajemi walikitaja kwa tendo lake: kah-ruba, mnyakua makapi. Kiarabu kikalichukua neno la Kiajemi, na umeme kwa Kiarabu unaitwa kahraba mpaka leo, kule Muscat kama kule Cairo. Kiswahili nacho kikalipokea, lakini kwetu kaharabu ikabaki kwenye kito chenyewe na haikuhamia kwenye waya. Hebu liangalie hili kwa makini. Jina lililotoka kwenye mng'ao na jina lililotoka kwenye unyakuzi wa makapi yalisafiri kando kando, katika lugha mbalimbali, yakaishia kuita kitu kilekile, nacho ni kitu ambacho wala mng'ao wala makapi hayakuwa kiini chake. Kama jina lingekuwa limebeba asili ya kitu, mojawapo ya hayo mawili lingepotea njia.

Na kuna maneno yaliyopotea kweli. Ambari, kwa Mswahili, ni kile kitu chenye harufu kinachotoka tumboni mwa nyangumi na kutupwa ufukweni na mawimbi. Al-Masudi, aliyesafiri huku katika karne ya 10, aliisifu ambari ya pwani ya Zanji. Neno lilelile la Kiarabu lilipofika Ulaya lilihama kwa nyangumi likahamia kwa mti, na Mwingereza leo akitamka amber anakusudia kaharabu. Sisi tumebaki na maana ya kwanza. Tulikuwa pia na utomvu wetu. Sandarusi, utomvu mgumu wa msandarusi, ilichimbwa ardhini katika Mrima na kusafirishwa kupitia Unguja katika karne ya 19, ikaenda Salem huko Marekani na miji ya Ulaya kutengenezwa vanishi. Ile iliyokaa muda mrefu udongoni ilitoka na ngozi ya vipele, kama ngozi ya kuku aliyenyonyolewa, na chini ya ngozi hiyo kulikuwa na uwazi wa asali. Mfaransa Charles du Fay, aliyetangaza mwaka 1733 kwamba umeme wa kusugua una namna mbili, ya kioo na ya utomvu, aliweka utomvu wa jamii ya sandarusi bega kwa bega na kaharabu katika namna ya pili. Maana yake wachimbaji wa Mrima walikuwa wakiokota kwa vikapu kitu ambacho, kikisuguliwa, kingevuta unyoya sawasawa na kaharabu ya Thales. Laiti udadisi ule ungeanzia Bagamoyo, huenda dunia nzima leo ingesema sandarusi pale inaposema elektroni, na hakuna kompyuta hata moja ambayo ingefanya kazi vibaya kwa ajili hiyo.

Sasa tuje kwenye elektroni yenyewe. Mwaka 1891 mwanafizikia wa Ireland, George Johnstone Stoney, alipendekeza neno hilo kuwa jina la kipimo. Hakuwa akitaja chembe. Hesabu za kupitisha umeme katika maji ya chumvi na kemikali zilionyesha kuwa chaji huja kwa mafungu yaliyo sawa, na yeye alitaka jina la fungu dogo kabisa. Miaka sita baadaye, mwaka 1897, J. J. Thomson wa Cambridge alichunguza mionzi iliyokuwa ikipita katika bomba la kioo lililonyonywa hewa, akaonyesha kuwa ni chembe zenye chaji hasi, nyepesi mno kuliko atomu yoyote. Yeye aliziita kwa neno la Kilatini lenye maana ya vijimwili, na kwa miaka kadhaa hakutaka kulitumia neno la Stoney. Wenzake wakalitumia. Jina likawa limetangulia kama mkeka uliotandikwa kabla mgeni hajabisha hodi. Thomson alipata Tuzo ya Nobel ya mwaka 1906. Kisha mwaka 1927 mwanawe, G. P. Thomson, alipitisha elektroni katika utando mwembamba wa madini akaona zinajipanga kwa duara, jinsi mawimbi yanavyofanya na jinsi vijiwe visivyofanya. Akapata Nobel ya mwaka 1937 pamoja na Mmarekani Clinton Davisson, ambaye alifika hapohapo kwa njia yake. Baba alionyesha kuwa elektroni ni chembe, mwana akaonyesha kuwa inatenda kama wimbi.

Hapo ndipo hoja yangu inaposimama. Kama jina ni maelezo yaliyofupishwa, basi baba na mwana hawa hawakuzungumzia kitu kimoja, maana maelezo yao hayalingani. Mmoja alikuwa na kitu chake na mwingine chake, na hakuna aliyemrekebisha mwenzake. Lakini kila mtu anaona kuwa mwana alirekebisha na kupanua habari ya kitu kilekile cha babake. Watu wawili hawawezi kusahihishana mpaka kwanza wawe wameshika kamba moja. Maelezo yanaweza kubadilika yote, kuanzia roho mpaka mvuke, kuanzia mvuke mpaka chembe, kuanzia chembe mpaka kitu ambacho hata neno chembe halikitoshi, na uchunguzi ukabaki uchunguzi mmoja, kwa kuwa kuna neno lililokishika kitu huku maelezo yakivuliwa na kuvalishwa upya. Ibn Jinni, mwanazuoni wa lugha aliyefariki mwaka 1002, alilipima suala la asili ya lugha akikawia katikati ya wale wanaosema imeshuka na wale wanaosema imewekwa na watu. Juu ya aya ya majina aliandika kuwa inaweza kufahamika kwa maana ya kwamba Mungu alimwezesha Adamu kuyaweka majina. Naona fahamu hiyo inasimama vizuri pembeni ya kisa cha Mwanzo, na inasimama vizuri zaidi pembeni ya bomba la kioo la Thomson.

Muumini anaweza kupinga hapa, na pingamizi lake lina uzito. Atasema: ukigeuza mafundisho kuwa uwezo tu, umeivua aya utukufu wake, kwa kuwa elimu aliyopewa Adamu iliwashinda malaika, na uwezo mtupu si elimu. Tena majina yenyewe, kwa ushahidi wako, yametokana na makosa. Unataka kusema Mungu alifundisha njia ya kukosea? Namjibu kwamba kosa halikukaa katika jina. Kosa lilikaa katika sentensi: kaharabu ina roho, kaharabu inatoa mvuke. Jina peke yake halisemi kweli wala uongo, kama kidole kinachoonyesha nyota hakisemi uongo hata mwenye kidole akidhani nyota ni taa. Na kuhusu malaika, nionavyo mimi, kuweza kusema "kile pale" juu ya kitu usichokijua, na kurudi kwacho kesho na keshokutwa, na kumwachia mwanao akiendee, si uwezo mtupu. Kiumbe ambaye elimu yake yote amekwisha kupewa hana haja ya jina la kitu asichokifahamu. Mtu anayo haja hiyo kila siku. Riwaya ya bakuli na kibakuli haivunjwi na maana hii. Mtoto anayejua kuita bakuli hajui udongo wake, wala moto ulioliunguza, na hata hivyo ameshajua kitu.

Pingamizi la pili linatoka upande ulio kinyume. Ikiwa jina halibebi kiini, basi kila jina ni sawa na jingine, na asili za maneno ni mapambo ya wenye nafasi. Hapana. Jina halikijui kitu, lakini linamwelekeza anayelitumia, na anaweza kuelekezwa vizuri au vibaya. Benjamin Franklin alipoacha namna mbili za du Fay mwaka 1747 na kusema umeme ni kitu kimoja, kilichozidi hapa na kupungua pale, ilimbidi aamue upande upi umezidi. Alikipa kioo kilichosuguliwa alama ya kujumlisha. Hakuwa na njia ya kujua. Ilikuja kuonekana kuwa kinachohama ni elektroni, nazo ziko upande ule alioupa alama ya kutoa. Ndiyo maana katika daftari la fizikia la kila mwanafunzi wetu mshale wa mkondo unatoka kwenye chanya kwenda kwenye hasi, ilhali ndani ya waya elektroni zinakwenda kinyume chake. Hesabu zinatoka sawa, ila mwanafunzi anapaswa kukumbushwa. Neno mkondo lenyewe tumelitoa baharini na mtoni, na linamfanya mtu aone maji yakikimbia, wakati katika waya wa shaba wa kawaida elektroni hujikokota chini ya milimita moja kwa sekunde. Kinachokimbia ni msukumo, nao ndio unaoiwasha taa papo hapo. Kuweka jina ni amana. Aliyeliweka anawabebesha au kuwapunguzia mzigo watu ambao hatawaona.

Kwa sababu hiyo neno umeme linanipa fahari ambayo sitaificha. Tarehe 10 Mei 1752, katika kijiji cha Marly-la-Ville nchini Ufaransa, watu wa mwanasayansi Mfaransa Dalibard walitoa cheche kwenye nondo ndefu iliyosimamishwa wakati wingu la mvua likipita, wakifuata pendekezo la Franklin, na ikathibitika kuwa kinachopasua anga ni kilekile kinachovuta makapi. Lugha za Ulaya hazikulifuata jambo hilo. Ziliendelea kuita nguvu hiyo kwa jina la utomvu, na kimulimuli cha mvua kwa jina lake lingine. Taa zilipowashwa Unguja, na Beit al-Ajaib ikawa jengo la kwanza la kisiwa hicho kuwa nazo, Waswahili walikuwa na neno la mwanga wa wingu, wakalitumia. Mtoto wa Kiswahili anayeonywa asiguse waya kwa sababu ya umeme anapewa bila darasa ule ugunduzi wa 1752, kwamba kilicho ukutani na kilicho mawinguni ni ndugu. Wakenya wanasema stima, neno lililotoka kwenye mvuke wa meli na mitambo, na wako wanaoliona kuwa neno la mtaani lisilo na maana. Mimi sioni hivyo. Kule Olkaria, karibu na Naivasha, mvuke unaotoka chini ya ardhi ndio unaozungusha mitambo, na kwa nyumba inayopata nguvu kutoka huko stima ni maelezo sahihi ya safari nzima. Umeme unakumbuka mbingu, stima inakumbuka mtambo, kahraba inakumbuka makapi, na wote watatu wanalipia kitu kimoja mwisho wa mwezi.

Wapo pia wanaosema kwamba elektroni ni neno la kigeni na tulitafutie letu. Kwa kitu hiki sioni faida. Kigiriki kilikuwa na neno la kito, Kilatini kikalifanya la tabia, Kiingereza cha Ireland kikalifanya la kipimo, Cambridge ikalifanya la chembe, na Kiswahili kimeliongezea irabu mwishoni ili lipite kinywani mwetu. Neno lililokwisha pita mikono mingi hivyo halina mwenyewe.

Na elektroni haijaacha kutukimbia. Tunajua uzito wake, tunajua chaji yake, coulomb 1.602 kwa kumi kipeo cha hasi 19, na kwamba kila moja ni sawa na nyingine, iliyo katika jicho lako na iliyo katika nyota. Hakuna kipimo kilichowahi kuonyesha kuwa ina sehemu ndani yake, wala ukubwa. Ukimwuliza mwanafizikia elektroni yenyewe ni nini, ukishaondoa uzito na chaji na ule mzunguko usiofanana na mzunguko wa kitu chochote kinachoshikika, atanyamaza, au atakiri jinsi malaika walivyokiri. Kisha atarudi kwenye chombo chake na kuitafuta tena, akiiita kwa jina la utomvu wa miti.